Longitudo, Saa na Jua la Mtwara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha jiografia mjini Mtwara. Maswali haya nimeyaokota darasani, barazani, kwenye kibanda cha mpira, na mengine msibani ng'ambo ya Ruvuma. Sikuyapanga kwa ugumu wala kwa mtaala. Saa ninazozitaja ni za Kiswahili, ila pale nitakaposema vingine.

Mwalimu, kwa nini tukivuka Ruvuma saa inarudi nyuma, na jua ni lile lile?

Hili ndilo linaloongoza huku kusini, na kwangu ni zuri kuliko yote ya kitabuni. Mtu anapanda kivuko pale Kilambo saa 4 asubuhi, anashuka upande wa pili anaambiwa ni saa 3 na kitu. Hakwenda magharibi. Amekwenda kusini tu, kuvuka mto.

Mji wa Mtwara uko nyuzi 40.18 mashariki ya Greenwich, London, ambako longitudo huanza kuhesabiwa. Pemba ya Msumbiji (si kisiwa chetu cha karafuu, ni ule mji wa bandari wa Cabo Delgado) iko kwenye nyuzi 40.5. Kwa hiyo wenzetu wako mashariki kidogo kuliko sisi, na jua la utosini huwafikia dakika moja na ushee kabla yetu. Kama saa ingefuata jua peke yake, wao wangekuwa mbele yetu kwa hiyo dakika moja. Badala yake wako nyuma kwa saa nzima.

Sababu ni kwamba saa ya ukutani haipangwi na jua la mahali ulipo. Inapangwa na serikali. Tanzania imechagua kuwa saa 3 mbele ya Greenwich. Msumbiji imechagua saa 2, sawa na Malawi, Zambia na Zimbabwe. Nchi ile ni ndefu na sehemu yake kubwa iko magharibi ya Cabo Delgado. Maputo, makao makuu, iko karibu na nyuzi 32 na nusu, kwa hiyo saa 2 inaikaa vizuri. Anayeumia ni wa kaskazini mashariki. Mwezi wa Novemba, kule Pemba jua linachomoza kama saa 10 na dakika 40 alfajiri kwa saa yao, na saa 11 na nusu jioni limeshazama. Shemeji yangu anayeishi huko husema wao wanakula chakula cha mchana jua likiwa limeshachoka.

Ukialikwa harusi ng'ambo, kuna mtego wa pili. Anayehesabu kwa Kireno akikwambia "saa nane", ana maana ya saa 2 asubuhi. Kisha ongeza saa moja ya mpaka: kwako Mtwara ni saa 3. Nimeona watu wazima wakifika ukumbini hata viti havijapangwa, na wengine wakifika wakati masufuria yanaoshwa.

Longitudo yenyewe ni nini, na inaingiaje kwenye saa?

Ni mistari ya kuwazia inayotoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ncha ya kusini, ikihesabiwa kwa nyuzi kuanzia ule unaopita Greenwich, London. Mashariki unahesabu hadi 180, magharibi hadi 180.

Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24. Gawanya: nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4. Ukiishika hiyo namba 4, mengine yote utayatoa mwenyewe. Kwenye latitudo yetu uzi mmoja wa longitudo ni kama kilomita 110 ardhini, kwa hiyo kila kilomita 27 unazokwenda mashariki, jua linakuwahi kwa dakika moja.

Tuipeleke barabarani. Kati ya Mtwara na Lindi (nyuzi 39.7) jua linatofautiana kwa muda usiofika dakika mbili. Mtwara na Newala, dakika tatu na nusu. Mtwara na Masasi, kama tano na nusu. Mtwara na Kigoma, ambayo iko kwenye nyuzi 29.6, ni dakika 42. Nchi moja, saa moja ya ukutani, na jua limepishana kwa takriban kipindi kizima cha darasani.

Kwa nini basi kila mji usiwe na saa yake?

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya reli, kila mji wa Ulaya na Marekani ulikuwa na adhuhuri yake, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu farasi haendi kasi kiasi cha kumfanya mtu aone tofauti ya dakika nne. Treni ndiyo iliyoharibu. Ratiba moja ikapita miji hamsini yenye saa hamsini, na treni mbili kwenye njia moja zinahitaji kukubaliana ni saa ngapi, la sivyo zinakutana.

Kampuni za reli za Marekani na Kanada zilianza kutumia kanda za saa tarehe 18 Novemba 1883. Mwaka uliofuata, 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuchagua mstari wa sifuri. Greenwich ilipata kura 22, moja ikapinga, Ufaransa na Brazili wakajizuia kupiga kura. Greenwich haikushinda kwa utakatifu wowote wa mahali pale. Meli nyingi za dunia zilikuwa tayari zinatumia ramani za baharini za Waingereza, na kubadili ramani ni gharama. Wafaransa walishikilia saa ya Paris hadi 1911.

Huku kwetu hakuna aliyeulizwa. Mwaka ule ule, Novemba 1884, Berlin, wakubwa hao hao walikuwa mezani na ramani yetu.

Saa ya Tanzania ni ya jua la wapi?

Saa 3 mara nyuzi 15 ni nyuzi 45. Tafuta mstari wa 45 mashariki kwenye ramani: unapita Somalia karibu kabisa na Mogadishu, unashuka baharini, unakata magharibi ya Madagaska. Haugusi Tanzania hata kwa ncha. Kwa hiyo saa tunayoita ya Afrika Mashariki, tukisema ukweli, ni jua la Mogadishu.

Mtwara, ambayo iko mashariki kuliko miji yote mikubwa ya nchi hii, bado ni nyuzi 4.82 nyuma ya mstari huo. Mara 4, ni dakika 19. Ndiyo maana, kwa wastani wa mwaka, jua letu hupinduka saa 6 na dakika 19 na si saa 6 kamili. Dar es Salaam ni kama dakika 23. Kigoma ni saa 7 na dakika moja au mbili: saa moja nzima imepotea.

Sasa angalia hili, ambalo mimi hulifurahia kila mwaka ninapolifundisha. Saa ya Msumbiji ni ya nyuzi 30. Mstari wa 30 unapita wapi? Kando ya Kigoma. Yaani Pemba ya Msumbiji, iliyo nyuzi 40, inatumia jua la Kigoma. Na Kigoma, iliyo karibu na 30, inatumia jua la Mogadishu. Wamebadilishana saa bila kujuana.

Kama tungefuata hesabu tupu, kila ukanda ungekuwa na nyuzi 7 na nusu kila upande wa mstari wake wa katikati. Mpaka wa ukanda wa saa 2 na wa saa 3 ungekuwa nyuzi 37.5, na huo unaikata Tanzania vipande viwili. Masasi ingebaki na saa zetu, Tunduru ingekwenda na Msumbiji. Basi likitoka Masasi kwenda Tunduru, kondakta angelazimika kutangaza saa mpya njiani. Dodoma ingekuwa saa moja nyuma ya Dar es Salaam. Hebu fikiria vikao vya Bunge! Kwa nchi inayotaka kufungua ofisi pamoja, saa moja kwa wote ina nafuu yake, hata kama Kigoma wanakwenda shule gizani mwezi Julai.

Zamani tuliwahi kukaribia jua letu zaidi. Wakati wa ukoloni kuna kipindi Afrika Mashariki ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich, ambayo ni sawa na nyuzi 41.25. Kwa saa hiyo, adhuhuri ya Mtwara ingeangukia saa 6 na dakika 4. Ningeipenda, lakini sijui nani angenivumilia nikipiga simu Nairobi na robo saa mkononi.

Ni kweli kwamba jua la Tanzania linaanza Mtwara?

Watu wa Msimbati hupenda kusema hivyo, na kwa longitudo wana haki, maana ncha ya mashariki kabisa ya Tanzania Bara iko upande wao, kuelekea mdomo wa Ruvuma. Lakini ni kweli kwa sehemu tu ya mwaka.

Kuchomoza kwa jua hakuamuliwi na longitudo peke yake. Kuanzia Septemba mwishoni hadi Machi jua liko upande wa kusini wa dunia, na walio kusini zaidi hulipata mapema. Hapo Mtwara inashinda kwa pande zote mbili. Novemba jua huchomoza kwetu kama saa 11 na dakika 45 alfajiri. Lakini Juni na Julai jua limehamia kaskazini. Mwanzoni mwa Julai Mtwara hulipata saa 12 na dakika 38 hivi, wakati kisiwani Pemba (sasa nasema kile chetu) limeshatoka tangu saa 12 na nusu, na hata Tanga wametutangulia kwa dakika chache, ingawa Tanga iko magharibi yetu kwa zaidi ya uzi mmoja.

Kwa hiyo ukibishana na mtu wa Pemba, uliza kwanza ni mwezi gani.

Saa za Kiswahili nazo ni ukanda wa saa?

Hapana. Ni namna ya kuhesabu. Muda ni ule ule wa Afrika Mashariki, ila sisi tunaanza kuhesabu jua linapotoka na tena linapozama, na wengine wanaanza usiku wa manane na adhuhuri. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, sisi tunasoma namba inayoukabili, 1. Karibu na ikweta hesabu hii inakaa sawasawa kwa sababu jua halihamihami sana: kwa mwaka mzima hapa linachomoza kati ya saa 11 na dakika 45 na saa 12 na dakika 38. Mtu wa kaskazini ya Norwe hawezi kuhesabu hivi. Juni angekosa pa kuanzia.

Kuna jambo la kuchekesha humu. Wapo wazee wanaopanga saa ya ukutani isomeke Kiswahili moja kwa moja, yaani asubuhi mshale uko kwenye 1. Saa ya namna hiyo iko saa 6 nyuma ya saa rasmi, sawa na nyuzi 90 kuelekea magharibi. Toa 90 kwenye 45, unafika nyuzi 45 magharibi, Brazili. Ukisema "saa moja asubuhi" Mtwara, saa ya mtu wa São Paulo inaonyesha saa 1 kweli, ila kwake ni usiku na amelala. Saa ya babu ukutani ni saa ya Brazili.

Na kwa wasafiri: tiketi ikiandikwa 06:00, basi linaondoka saa 12 asubuhi, si saa 6. Nimeambiwa nirudie hili kila mahali ninapopata nafasi, narudia.

Kwa nini adhana ya adhuhuri Lindi na Makka huingia pamoja, lakini magharibi hapana?

Aliyeniuliza hili ni maalim wa chuo mmoja wa Lindi, na nilikwenda kuangalia ramani kabla ya kumjibu. Makka iko nyuzi 39.83 mashariki. Lindi ni 39.71. Tofauti ni uzi 0.12, nusu dakika ya jua. Saudi Arabia nayo iko saa 3 mbele ya Greenwich kama sisi. Kwa hiyo jua linapinduka Makka na Lindi kwa wakati mmoja, na saa zinasoma namba moja. Sijui miji mingi iliyo mbali hivyo inayopata bahati hiyo.

Na faida nyingine: kibla cha Lindi ni kaskazini tupu. Mtwara nayo ni karibu hivyo hivyo, imeegemea magharibi kwa kiasi ambacho mkeka hauwezi kuonyesha. Kila mwaka tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu kabisa ya Kaaba. Tena tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Dakika hizo kivuli cha nguzo yoyote Lindi kinaangukia kusini moja kwa moja, na ukikigeuzia mgongo umeelekea Makka. Fundi anayejenga msikiti hahitaji dira siku hiyo, anahitaji timazi na saa isiyodanganya.

Magharibi ni habari nyingine, kwa sababu urefu wa mchana unategemea latitudo. Juni mwishoni Mtwara jua linazama saa 12 na dakika 7 hivi, Makka saa 1 na dakika 5. Karibu saa nzima, na longitudo ni moja. Kwa sababu hiyo hiyo kalenda ya futari iliyochapwa kwa Dar es Salaam haitufai hivi hivi. Ramadhani ikiangukia Julai, jua la Mtwara huzama takriban dakika 10 kabla ya la Dar. Ikiangukia Desemba, sisi ndio tunaochelewa, dakika mbili tatu. Wanaosema "punguzeni dakika nne tu mwaka mzima" wamehesabu longitudo na kuisahau latitudo.

Mechi ya Uingereza mbona wakati mwingine ni saa 11, wakati mwingine saa 12?

Kwa sababu wao wanahamisha saa, sisi hatuhamishi. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele saa moja, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Mechi ya saa 9 alasiri kwao huangukia saa 11 jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa 12 jioni wakati wa baridi. Mwenye kibanda hana kosa, msimgombeze.

Sisi kuhamisha haina maana. Mchana mrefu kabisa wa Mtwara ni kama saa 12 na dakika 43, mfupi kabisa ni saa 11 na nusu. London mchana wa Desemba haufiki saa 8 na wa Juni unazidi 16 na nusu.

Mbona India wana nusu saa?

Walichagua mstari wa nyuzi 82.5 unaopita katikati ya nchi yao, wakapata saa 5 na nusu. Nepal ni saa 5 na dakika 45. Hakuna sheria ya dunia inayolazimisha saa nzima nzima.

Na China?

China ina upana wa zaidi ya nyuzi 60, ingetosha kanda nne au tano, na iliwahi kuwa nazo tano. Tangu 1949 nchi nzima inatumia saa moja, ya nyuzi 120, inayolingana na Beijing. Mji wa Kashgar uko nyuzi 76, kwa hiyo jua lao la utosini ni kama saa 8 na dakika 56 mchana. Mtu wa Kigoma akilalamika, nampa mfano huo.

Ukienda mashariki unaongeza saa, ukiendelea kuongeza si utarudi ulipotoka na siku ya ziada?

Ndiyo, na ndiyo maana kuna mstari wa tarehe, kwenye nyuzi 180 au karibu nayo, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ukiuvuka kwenda mashariki unarudia siku. Kwenda magharibi unairuka. Umepindapinda ili usiikate nchi katikati. Samoa walikuwa upande wa Marekani lakini biashara yao ni na Australia na New Zealand, wakaamua kuhama: walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwepo. Wanafunzi wangu huuliza kama mshahara wa siku hiyo ulilipwa.

Manahodha wetu waliwezaje bila longitudo?

Nahodha wa jahazi la Mikindani kwenda Unguja hakuihitaji. Anaona pwani, anajua ras na visiwa, anajua kusi na kaskazi. Latitudo nayo unaipata kwa kupima kimo cha nyota au jua. Longitudo ndiyo iliyowatesa waliokwenda bahari kuu, kwa sababu dunia inazunguka na nyota zote hupita juu ya kila longitudo kwa zamu. Ili ujue uko wapi lazima ujue saa ya ulipotoka, na saa ya pendulumu haiwezi kukaa ndani ya chombo kinachoyumba.

Bunge la Uingereza lilitangaza zawadi mwaka 1714 kwa atakayelipatia dawa. Seremala mmoja, John Harrison, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuunda saa isiyopotea baharini. Hesabu yake ndiyo ile ile ya dakika 4: ikiwa hapa jua liko utosini na saa ya Greenwich inasema imebaki saa 2 na dakika 40 kufika adhuhuri yao, basi niko nyuzi 40 mashariki.

Hatari ni kwamba saa ikikosea, na wewe umepotea. David Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866, safari yake ya mwisho, akiwa na saa za namna hiyo. Huko bara mbebaji wake akateleza akaanguka nazo, mwendo wa saa hizo ukabadilika, na longitudo alizopima baada ya hapo zikaingia kasoro. Dakika moja ya saa ni robo ya uzi. Kwetu hizo ni kilomita 27.

Usidhani simu yako imeachana na mambo hayo. Setilaiti zinazokuonyesha ulipo zimebeba saa za atomiki, na simu inapima muda wa mawimbi kufika. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300 za umbali. Bado ni saa ndiyo inayosema uko wapi.

Kwenye mtihani jibu langu na saa ya ukutani vinagombana. Nifuate kipi?

Soma swali. Wakisema: ni saa 6 mchana kwenye nyuzi 0, ni saa ngapi kwenye nyuzi 40 mashariki? Zidisha 40 kwa 4, dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40. Mashariki unaongeza: saa 8 na dakika 40. Hilo ni jibu la jua, na ndilo wanalolitaka. Ukimpigia simu mtu aliye Mtwara wakati huo atakwambia ni saa 9, na hajakosea, ila amekujibu kwa saa ya Mogadishu. Wanaoanguka mara nyingi si kwa kuzidisha. Wanatoa pale pa kuongeza.

Simu yangu inabadilisha saa yenyewe nikilala vijiji vya mtoni. Nifanyeje?

Pole, yamenikuta. Nililala kwa ndugu karibu na Ruvuma, nikatega kengele saa 10 alfajiri niwahi basi la Dar es Salaam. Usiku simu ikaacha mnara wetu, ikashika wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma saa moja. Kengele ililia saa 10 ya Msumbiji. Nilipofika stendi nikaonyeshwa vumbi. Nauli sikurudishiwa.

Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima upangaji wa moja kwa moja wa ukanda, chagua Dar es Salaam mwenyewe. Simu nyingine huorodhesha Nairobi tu. Ni saa ile ile. Au weka jogoo karibu na dirisha. Jogoo hashiki mtandao.

Naweza kupima longitudo ya kwetu bila vifaa?

Unaweza, kwa fito na saa iliyo sahihi. Simamisha fito mahali tambarare, iwe wima kabisa (uzi na jiwe vinatosha kuwa timazi). Asubuhi, tuseme saa 4, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli na uandike saa. Chora duara, fito katikati, likipita kwenye kokoto hiyo. Mchana ncha ya kivuli itarudi kugusa duara. Andika saa tena. Katikati ya saa hizo mbili ndipo jua lilipopinduka. Fungia kuku kwanza. Kokoto zangu za mara ya kwanza zilipekuliwa zote.

Sasa kuna marekebisho, maana jua lenyewe haliendi sawasawa: njia ya dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Karibu na tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba hakuna cha kurekebisha. Katikati ya Februari jua huchelewa dakika 14, mwanzoni mwa Novemba huwahi dakika 16.

Mimi nilipima tarehe 20 Oktoba, kwa sababu siku hiyo jua la Mtwara hupita utosini kabisa na huhitaji hata duara. Kivuli kinalala magharibi ya fito, kinafupika, kinaingia chini ya fito na kupotea, kisha kinachungulia upande wa mashariki. Kwa fito ya mita moja kinasogea milimita nne kwa dakika, unakiona kwa macho. Changu kilipotea saa 6 na dakika 4. Tarehe hiyo jua huwahi dakika 15, nikaziongeza: saa 6 na dakika 19. Dakika 19 gawanya kwa 4 ni 4.75. Toa kwenye 45, nikapata nyuzi 40.25.

Ramani inasema 40.18. Kosa langu ni kama kilomita 8 kuelekea baharini.